Mtani Aliyetoka Simuni

Hapo zamani, wala msidhani ni zile zamani za fisi kwenda kuposa, hizi ni zamani za karibu tu, simu zimekwisha pata akili na ofisi bado zinasubiri maelekezo, palikuwa na mji ukiitwa Nyamtete. Kaeni vizuri. Jibu sina, kwa hiyo asisinzie mtu akitegemea kuamshwa wakati wa jibu.

Nyamtete ulikua kando ya kinu cha pamba. Kinu kiliita watu kutoka kila upande, na kila aliyekuja alikuja na ukoo wake, na kila ukoo ulitafuta watani wake. Mtani mnamjua. Atakuvua kofia barabarani nawe ucheke. Atakuita nyani mbele ya mkweo nawe umkaribishe chai. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayetangulia kuingia kaburini kulijaribu kama linakutosha. Anavaa nguo yako, anaigiza mwendo wako, anawasema wafiwa mpaka wanasahau kidogo kilichowakusanya. Kisha anapewa ile nguo, anaondoka nayo, na ukoo wake na wako wanabaki wamefungana upya. Nyamtete hakuzikwa mtu bila mtani kusema neno.

Ila utani ukifanywa na asiye mtani, hapo mambo hubadilika. Sokoni ni matusi. Kaburini ni kumvua maiti nguo. Na adhabu ya anayeharibu mazishi ilikuwa moja, haina rufaa: kutengwa. Mwaka mzima msiba ukiingia kwako hakuna mtu atakayekanyaga. Unachimba mwenyewe, unalia mwenyewe, unajipikia uji, unajipa pole.

Sasa, vijana wa Nyamtete walikuwa wameanza kusahau nani mtani wa nani. Kijana anamvua mzee kofia kituo cha mabasi, kumbe si mtani wake. Anarudi nyumbani na jino mkononi. Ndipo Chiku alipopata wazo.

Chiku binti Malilo alikuwa karani wa masjala ya halmashauri. Mchana kutwa aliwatafutia watu mafaili yaliyokuwa kwa maofisa, na maofisa wakasema yako masjala. Jioni, kwa kujifurahisha tu, alijifunza kutengeneza programu za simu. Hakufundishwa na mtu. Alikosea, akafuta, akakosea vizuri zaidi. Mama yake, ambaye miguu ilikwisha mkataa na kifua kinamtishia kila masika, alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

"Chiku."

"Abee, mama."

"Siku nikifa atanizika nani, hiyo simu?"

"Hufi leo, mama."

"Sijasema leo. Nauliza mapema ili ijiandae."

Programu ikaitwa Mtani Wangu. Unachagua ukoo wako, unachagua ukoo wa mwenzako, simu inakujibu: MTANI, endelea. Au: SI MTANI, shika adabu yako. Basi. Ilikuwa ndogo, ilikuwa yake, na kila alipoibonyeza ikajibu, moyo wake ulicheza kama wa mtu aliyeitwa jina lake redioni.

Chiku alijiwekea sharti. Haandiki utani wa koo mbili mpaka pande zote mbili zikubali. Akazunguka mji mzima akiuliza. Watu walikubali kwa kutukanana, kama ilivyo desturi, naye akaandika. Pakabaki ukoo mmoja tu, ukoo wa Sekera, na Nyamtete nzima Wasekera walikuwa nyumba moja: Fundi Obadia, mtengeneza cherehani, na mkewe Bi Damari, na watoto wao. Walitoka mbali, milimani.

Alimkuta fundi ameinama juu ya cherehani, koti lake la kaki mwilini, sindano zimechomekwa kwenye ukosi kama medali. Fundi Obadia alikuwa na tabia moja ambayo mji mzima uliijua. Kabla ya kumrudishia mtu cherehani yake, aliiwekea sikio, akazungusha gurudumu pole pole, akafumba macho, akasema, "Inakohoa kidogo, lakini itaishi." Hata ikiwa mpya alisema hivyo.

"Watani?" akamjibu Chiku. "Kwetu hatuna, binti yangu. Kwetu kaburini mtu hasemi neno mpaka udongo usawazishwe. Kikohozi kikikushika, unakimeza."

Chiku akaandika: Wasekera, hakuna. Akaenda zake.

Angeweza kuiachia programu yake siku ile ile. Lakini ilikuwa ya kwanza, na mtu hatoi mtoto wake wa kwanza nje kama anayemwaga maji. Alitaka watu, alitaka viti, alitaka mama yake abebwe akae mbele. Akaomba ukumbi wa halmashauri. Kuomba ukumbi kulitaka barua. Barua ikaingia masjala. Chiku akaipokea mwenyewe, akajigongea muhuri, akaipeleka kwa Afisa Utamaduni, Bwana Mshamu Kiluwa.

Bwana Mshamu aliisoma barua mpaka kwenye saini, kisha akaisoma simu.

"Hapa umeiweka kundi la burudani."

"Wenye duka la programu waliniletea makundi ya kuchagua, bwana. Utani haukuwamo."

"Utani si burudani, Chiku. Utani ni urithi. Haya, tutasamehe. Lakini hapa Wasekera naona pengo."

"Si pengo, bwana. Hawana watani. Fundi Obadia amesema mwenyewe."

"Mwenyewe si chanzo. Chanzo ni mtaalamu. Jedwali hili linapanda mkoani na jina langu chini yake, na jedwali lenye pengo halisafiri. Muone Mzee Chande. Ukirudi limejaa, ukumbi ni wako, na maturubai nitakuongezea."

Mzee Chande aliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya historia ya mji, kamati iliyovunjwa bila yeye kuarifiwa, kwa hiyo aliendelea na vikao. Alijua mengi kweli. Taabu yake ilikuwa neno moja ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwake: sijui.

"Wasekera?" akasema, akatazama dari kama mtu anayechungulia karne zilizopita. "Watani wao ni Wadundwa. Walipigania chumvi, wakapatana."

"Umeyapata wapi hayo, babu?"

"Mjukuu wangu, ningeyapata wapi kama si kichwani?"

Chiku alitoka pale akijua. Msije mkasema hakujua. Sharti lake la pande mbili lilimfuata njia nzima. Lakini maturubai, viti, mama kukaa mbele! Akajiambia, nitaliandika kwa sasa, uzinduzi ukipita nitalifuta. Akaandika: Wasekera na Wadundwa, MTANI.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Bwana Mshamu alitaka kukata utepe, na programu haina mlango, kwa hiyo wakaifunga utepe simu ya Chiku, na mheshimiwa akakata utepe na kioo pamoja. Watu wakapiga makofi. Mama yake Chiku, kwenye kiti cha mbele, akamwuliza jirani, "Imekufa?" Wakamwambia hapana, imezinduliwa.

Watu wakapakua pale pale, kelele zikaanza. "Wewe! Kumbe mtani wangu! Lete hiyo saa!" Na katikati ya kelele ikapanda sauti moja, ya Kibwana wa ukoo wa Dundwa, fundi mwashi, mtu mwenye mdomo mwepesi kuliko mwiko wake. Watani wa Wadundwa walihama kinu kilipopunguza watu, na tangu hapo Kibwana alikuwa anazunguka na utani wake kifuani kama mtu mwenye barua isiyo na anwani.

"Ninaye!" alikuwa akipiga kelele, ameinua simu. "Ninaye mtani! Wasekera! Fundi Obadia ni wangu!"

Chiku alimwona. Wiki ijayo, akajiambia. Wiki ijayo nalifuta.

Wiki ijayo haikusubiriwa. Asubuhi moja muuza chai aliingia masjala na birika lake, akamimina, akasema kama anayetaja bei ya sukari, "Fundi cherehani ametutoka. Moyo. Wanazika leo alasiri, kaka yake amekwisha fika kutoka milimani."

Chiku akakiweka kikombe bila kukionja.

Alitoa simu yenye ufa, akafungua kazi yake, akaufuta ule mstari. Akarudisha maneno ya marehemu: Wasekera, hakuna. Akatuma toleo jipya. Simu ikafikiri, ikajibu: *Toleo lako linakaguliwa. Tafadhali subiri.*

Karani wa masjala alilitambua jibu lile. Alikuwa amewapa watu maneno hayo hayo miaka yote, na sauti ile ile. Kumbe hata huko zinakokaa programu kuna masjala, na masjalani kuna mtu anakunywa chai.

Akampigia Kibwana. Simu imezimwa, Kibwana alikuwa na adabu zake, msibani hakuenda na simu inayolia. Akakimbilia ofisi ya Bwana Mshamu kuomba ruhusa na msaada. Ofisi imefungwa. "Mheshimiwa ameenda kwenye mazishi ya fundi," akasema mhudumu. "Amesema kuna utani wa kidijitali, anakwenda kuchukua picha za taarifa."

Chiku akavua viatu, akashika njia.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba ya fundi, karibu na kibanda chake cha kazi. Alipofika, watu walikuwa wamesimama kimya kimya. Jeneza lilikuwa juu ya magogo, ukingoni. Bi Damari amekaa kwenye mkeka, macho makavu; toka mumewe aanguke hakuwa amelia, hakuwa amekula, na alipoambiwa jambo alitikisa kichwa kama anayesomewa tangazo la mtu mwingine. Nyuma yake kasimama shemeji yake, Mzee Yoeli, kaka wa marehemu, mrefu, mikono nyuma, na vijana wake wa milimani wameshika majembe. Mzee Chande kapewa kiti cha heshima. Bwana Mshamu kainua simu, anapiga picha.

Na kaburini, amelala chali, mikono kifuani, amevaa koti la kaki la marehemu, alilolitungua kibandani, sindano zake kwenye ukosi, alikuwamo Kibwana.

"Pembamba hapa!" sauti yake ikatoka chini. "Mmenipimia mtu mwingine! Obadia, usije huku, mimi nimewahi! Nyie Wasekera, mbona mmenuna? Mmekuja kuzika au mmekuja kupiga picha ya pasipoti?"

Hakuna aliyecheka. Wanyamtete walitazama Wasekera; Wasekera walitazama chini. Kibwana, kwa kuwa hakuwahi kuwa na watani hawa, aliuchukua ukimya ule kuwa ndio ufundi wao wa kujibu. Akasimama, kichwa kikatokeza usawa wa jeneza.

"Na cherehani ya mama yangu, Obadia! Inashona upande mmoja tu! Toka uimalizie ndipo uende!"

"Nani," akauliza Mzee Yoeli, taratibu kabisa, "amemleta huyu?"

"Mimi mtani," akasema Kibwana akitabasamu. "Mdundwa."

"Mtani wa nani? Sisi hatuna mtani."

Tabasamu la Kibwana likaanza kutafuta pa kwenda. "Simu imesema."

"Simu ya nani?"

Watu wakamtazama Bwana Mshamu, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameinua simu. Akaishusha. "Ofisi yangu ilifuata mwongozo. Takwimu zilitoka kwa mtaalamu."

Watu wakamtazama Mzee Chande. "Mimi," akasema Mzee Chande akigeuza fimbo yake, "niliulizwa na mtu aliyetaka jibu. Sikumpelekea mtu mtani nyumbani kwake."

Chiku alikuwa amesimama nyuma ya mnazi, viatu mkononi. Miguu yake ilikuwa imefika. Ulimi haukuwa umefika. Neno lilikuwa moja tu, na likisemwa vijana wale wangeshusha majembe: kosa ni langu. Lakini aliona pia chumba cha mama yake nyumbani, kitanda, kifua kile kinachotisha kila masika, na masika hayakuwa mbali. Aliona ua usio na watu, na yeye peke yake na jembe. Atanizika nani, hiyo simu? Akabaki nyuma ya mnazi.

Kijana mmoja wa Mzee Yoeli akaruka ukingoni, akamshika Kibwana ukosi, akachomwa na sindano, akamshika upya kwa hasira zaidi. Jembe la mwingine likainuka. Hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotisha. Wasekera hata katika kupiga walikuwa kimya.

Kibwana sasa aliogopa. Ile midomo yote ikamwisha. Lakini kazi ya mtani akiianza ni lazima aimalize, asipomaliza maiti anabaki katikati ya njia. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwa hiyo, huku ameshikwa ukosi na jembe liko juu yake, aligeuza kichwa, akaweka sikio kwenye jeneza. Akafumba macho. Akazungusha mkono hewani pole pole, kama anayezungusha gurudumu.

"Inakohoa kidogo," akasema, na sauti ilikuwa ya Fundi Obadia mwenyewe, kile kipua chake, ule uchovu wake mzuri. "Lakini itaishi."

Kisha ikatoka sauti ambayo mwanzoni hakuna aliyeijua. Ilikuwa ya Bi Damari. Alianza kama anayekohoa, akashika mdomo, mdomo ukamshinda, akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Na kicheko kilipofika mwisho wake hakikusimama, kilishuka upande wa pili kikawa kilio, na Bi Damari akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkwama toka siku mumewe alipoanguka. Wanawake wakamdaka. Watoto wake wakalia. Nyamtete nzima ikalia. Yule kijana akamwachia Kibwana ukosi bila kujua, akajikuta anapangusa macho kwa mkono wenye jembe.

Hapo, sasa, hapo ndipo ulimi wa Chiku ulipofika. Akatoka nyuma ya mnazi.

"Ni uongo," akasema. "Wasekera hawana mtani. Marehemu aliniambia kwa kinywa chake. Nikaandika hivyo, kisha nikaandika vingine."

"Umesikia, shemeji?" Mzee Yoeli akamgeukia mjane. "Mdogo wangu amefanyiwa mchezo kaburini kwake. Kwetu angepita kimya, kama baba yake. Hapa kwenu nasikia mnayo adhabu ya mharibu mazishi. Basi nitajiwe huyo mtu, atengwe. Bila hivyo udongo hauingii humu."

Bi Damari akafunga kilemba chake upya. Alilikaza fundo taratibu.

"Shemeji, wewe umekuja jana. Mimi nimekaa Nyamtete, nimezalia Nyamtete, na Obadia analala Nyamtete. Huyo mtu kanitoa jiwe hapa." Akajigusa kifuani. "Desturi ya hapa mtani hapewi asante ya mdomo. Vua koti, Kibwana, lilete. Nitampa aliyetuletea utani, na ukoo wake na wetu wafungwe leo. Watoto wangu nao watakufa siku moja. Sitaki wazikwe na watu wanaomeza vikohozi."

Kibwana akapanda juu, akavua koti, akalishika kwa mikono miwili. Hakulitoa haraka.

"Mama, kama ni hivyo, limeshafika," akasema. "Wengine waliandika, wengine walisema. Kaburini niliingia mimi. Jembe lilikuwa juu ya kichwa cha nani? Na sikio ni la nani? Simu haikuniambia niweke sikio. Wadundwa tumekaa bila mtani mpaka watoto wetu wanatukana mbuzi. Lipo mwilini mwangu tayari, niachieni."

"Na huyu mwashi aliwekwa kaburini na nani?" akasema Mzee Chande, na fimbo ikagonga chini. "Hakuna Mdundwa hapa aliyewahi kulitamka jina la Sekera kabla sijalitamka mimi. Huyu binti aliniletea nyumba ya watu wasio na mtani, nikaona haya kwa niaba ya mji. Nikawapa. Nyie mnadhani watani wa kwanza walishuka na mvua? Kuna mtu alikaa akasema fulani na fulani, watu wakaitikia. Leo mjane ameitikia. Koti ni la aliyesema."

"Bila kusahau usimamizi," akasema Bwana Mshamu, akikaza tai. "Binti alileta pengo. Mimi nilikataa pengo. Ningelipitisha, leo tungekuwa tumesimama hapa bubu na Bi Damari angekuwa bado kama ubao. Serikali huonekana inasumbua, kumbe inaona mbali. Koti litafaa sana kwenye kabati la kioo ofisini, na maelezo mafupi."

"Maelezo yatasema nini?" akauliza mtu kutoka nyuma. "Kwamba ulikuwa unapiga picha?"

Watu wakaguna. Macho yote yakaja kwa Chiku.

"Mimi," akasema Chiku, "sina cha kujisifia. Lakini wote watatu wangekaa makwao na maneno yao. Yalikutana kwangu. Jioni zangu zote ziko mle ndani. Kibwana asingejua njia ya nyumba hii. Na koti likiwa langu, basi ule mstari si uongo tena, na programu yangu haitakuwa imewadanganya watu wa mji wangu."

"Vizuri," akasema Mzee Yoeli. "Nimewasikia. Nilipouliza nani kamleta, kila mmoja alikuwa na kidole cha kumnyooshea mwenzake, na wewe binti ulikuwa na mnazi. Lilipotoka koti, wote mna mikono. Shemeji, sikukatalii koti lako. Mpe umpendaye. Lakini kilichomleta mtani ndicho kilichovunja kimya cha mdogo wangu, ni jambo moja hilo, haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Atakayechukua koti achukue na kutengwa. Awe mtani wetu, atuzike sisi. Na mwaka huu kwake asije mtu."

Bi Damari akafikiri. Akalitazama jeneza kama anayeliuliza. Mwishowe akasema, "Haki. Vitoke mlango mmoja."

Loo! Mngeuona uwanja ule. Mzee Chande akagundua fimbo yake ina ufa, akaukagua. Bwana Mshamu akakumbuka kwamba mali za marehemu haziingii ofisini bila kibali cha mkoa. Kibwana alilitazama koti, akalinusa harufu ya mafuta ya cherehani, akawatazama watoto wake watano wakubwa kwa wadogo waliosimama pamoja na mama yao, wala hakulitupa, wala hakulivaa. Chiku akasogea hatua, akasimama. Mtu alimwona akitazama upande wa nyumbani kwao.

Na hapo hapo simu ikatikisika mfukoni mwake. Akaitoa. Chini ya ufa wa kioo yalikuwa yameandikwa maneno, maana masjala ya juu ilikuwa imemaliza chai: *Toleo lako limekubaliwa. Bonyeza ulitoe kwa umma.* Akibonyeza, kila simu ya Nyamtete itasema Wasekera hawana mtani, kama alivyosema marehemu. Asipobonyeza, itaendelea kusema wanaye, kama anavyosema mjane.

Jua lilikuwa linainama. Jeneza juu ya magogo, udongo pembeni, vijana wameegemea majembe. Bi Damari akalipokea koti kutoka kwa Kibwana, sindano zikametameta kwenye ukosi, akalinyoosha mbele ya watu kwa mikono miwili, akingoja wa kulivaa.

Mimi nimewaacha hapo hapo, na Fundi Obadia bado hajazikwa, kwa hiyo msikae sana kubishana. Aliyekataa pengo, aliyelijaza, aliyeliandika, na aliyeingia kaburini: koti ni moja, na kutengwa kumeshonwa ndani yake. Je, nani alistahili kulivaa?